Somo la Uchumi kidato cha tano na sita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa Uchumi wa Dodoma na Singida, pamoja na wazazi wanaotaka kujua mtoto anasoma nini hasa. Mifano imetoka Majengo, Kibaigwa, Hombolo na kwenye vinu vya alizeti, kwa sababu ndiko nadharia inakoonekana kwa macho. Bei na vipimo vilivyomo kwenye hesabu ni vya kujifunzia, si bei za leo sokoni.

Uchumi unaanza kusomwa lini?

Kwa wengi unaanza kidato cha tano, mwezi Julai, na unaishia kwenye mtihani wa taifa wa kidato cha sita mwezi Mei, takriban mwaka na miezi kumi baadaye. Tahasusi zinazojulikana zaidi zenye somo hili ni EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati), HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) na ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu). Mitaala ilirekebishwa mwaka 2023 na mabadiliko yanaingia kwa awamu, kwa hiyo kabla ya kununua kitabu au kurithi madesa ya kaka yako, omba kuona muhtasari wa somo unaotumika shuleni kwenu sasa.

Nilisoma Biashara na utunzaji wa vitabu vya hesabu kidato cha nne. Si ni kitu kilekile?

Hapana. Biashara inakufundisha namna ya kuendesha duka: ankara, bima, usafirishaji, aina za kampuni. Utunzaji wa vitabu unakufundisha kuandika kilichoingia na kilichotoka. Uchumi unauliza kwa nini bei ya lile duka imepanda wakati duka la jirani limefungwa, na nani anaumia serikali ikiongeza kodi. Aliyetoka Biashara anaanza na msamiati mzuri, basi. Ambaye hakuisoma humfikia ndani ya muhula mmoja, mradi hisabati yake isiwe ya kuchechemea.

Hisabati inahitajika kiasi gani?

Asilimia, uwiano, milinganyo miwili ya mstari, kusoma grafu na kupata mteremko wa mstari. Hizo ukiwa nazo unaweza kufanya sehemu kubwa ya maswali ya hesabu. Wa EGM wana Hisabati ya juu na hawana shida hapa. Wa HGE na ECA kwa kawaida huwekewa Hisabati Tumizi ya Msingi kama somo la ziada, na wengi huidharau kwa kuwa si somo la tahasusi. Hapo ndipo wanapojikwaa: wanaelewa kabisa maana ya unyumbufu (kipimo cha kiasi kinavyoitikia badiliko la bei) lakini wanaweka juu namba inayopaswa kuwa chini, na jibu zima linapotea.

Mada ni zipi?

Kwa ufupi ni pande mbili. Upande wa kwanza ni mtu, kaya na kampuni: uhaba na uchaguzi, uzalishaji, gharama, mahitaji na ugavi, aina za masoko kuanzia ushindani kamili hadi ukiritimba, na mgawanyo wa kipato kati ya mshahara, riba, kodi ya ardhi na faida. Upande wa pili ni nchi nzima: Pato la Taifa, fedha na benki, mfumuko wa bei, ajira, fedha za serikali, biashara ya kimataifa, idadi ya watu, mipango na maendeleo. Mtihani una karatasi mbili za saa tatu kila moja.

Ushauri wetu kwa anayeanza: usikimbilie upande wa pili kwa sababu unasikika kwenye taarifa ya habari. Asiyeshika mahitaji na ugavi atakwama kwenye thamani ya shilingi, kwenye riba na kwenye mishahara, kwa maana vyote hivyo ni bei tu zilizovaa nguo nyingine.

Kwa nini swali la mahitaji na ugavi huangusha watu wengi wakati linaonekana rahisi?

Kwa sababu ya kosa moja: kuchanganya kusogea juu ya mstari na mstari wenyewe kuhama.

Chukua mahindi ya Kibaigwa. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kuanzia Mei na Juni magunia hujaa sokoni na bei hushuka. Kilichobadilika ni ugavi: mstari wa ugavi umehama kwenda kulia. Bei ikishashuka, wanunuzi wanachukua mahindi mengi zaidi. Je, mahitaji yameongezeka? Mwanafunzi wa kawaida anasema ndiyo. Jibu ni hapana. Mstari wa mahitaji haujaguswa. Wanunuzi wamesogea tu kutoka nukta moja kwenda nyingine juu ya mstari uleule. Kilichoongezeka ni kiasi kinachohitajika.

Sasa tuseme ngano imepanda bei na watu wanahamia kwenye ugali. Hapo mstari wa mahitaji ya mahindi umehama, kwa sababu kilichosababisha si bei ya mahindi yenyewe. Kanuni ni hii: bei ya kitu chenyewe inakusogeza juu ya mstari, na kingine chochote (kipato, bei ya kitu mbadala, idadi ya watu, matarajio, mvua, gharama ya mbolea) kinahamisha mstari. Kabla ya kuchora, jiulize kwanza nani kaguswa, mnunuzi au muuzaji. Ukame unamgusa muuzaji. Mshahara wa watumishi ukipanda, ameguswa mnunuzi. Ukihamisha mistari yote miwili kwa tukio moja, karibu kila mara umekosea.

Neno lenyewe "mahitaji" nalo linapotosha. Mtoto anayesimama mbele ya banda la chipsi bila hela ana hamu. Mchumi hamhesabu. Mahitaji ni kutaka pamoja na kuwa na uwezo wa kulipa, kwa bei fulani, katika muda fulani.

Nichoreje mchoro upate alama zote?

Tumia penseli na rula, na uchore mkubwa, angalau robo ya ukurasa. Bei hukaa kwenye mhimili wima, kiasi kwenye mhimili mlalo, na kila mhimili uandikwe jina lake na kipimo chake (shilingi kwa debe, madebe kwa siku). Mstari wa mahitaji unateremka kuelekea kulia, wa ugavi unapanda, na kila mmoja uwekewe herufi yake. Kwenye makutano vuta mistari ya nukta hadi kwenye mihimili yote miwili, uandike bei na kiasi cha msawazo, yaani pale mahitaji na ugavi vinapolingana. Mstari ukihama, chora mwingine sambamba na wa kwanza, uupe namba mpya na uweke mshale unaoonyesha unakoelekea.

Kisha andika kichwa cha mchoro, na chini yake sentensi mbili au tatu zinazosoma mchoro huo: bei imetoka wapi kwenda wapi, kiasi kimefanya nini, na kwa sababu gani. Mchoro usiotajwa popote kwenye maelezo ni pambo tu.

Naomba mfano wa hesabu ya bei ya msawazo.

Tuseme P ni bei ya debe la mahindi kwa maelfu ya shilingi. Mahitaji ni 900 − 30P na ugavi ni −100 + 20P. Kwenye msawazo viwili hivi ni sawa: 900 − 30P = −100 + 20P, yaani 1,000 = 50P, kwa hiyo P ni 20. Bei ni shilingi 20,000 kwa debe. Rudisha 20 kwenye mlinganyo wowote upate kiasi: madebe 300. Rudisha kwenye yote miwili. Zikitofautiana, umekosea alama ya kutoa mahali fulani.

Serikali ikiweka bei ya chini kabisa inayoruhusiwa kuwa shilingi 24,000 ili kumlinda mkulima, wanunuzi watataka madebe 180 na wakulima wataleta 380. Ziada ni madebe 200, na kama serikali haitayanunua yatabaki mikononi mwa wakulima. Kuyanunua kutaigharimu 200 mara 24,000, yaani shilingi 4,800,000. Ikiweka bei ya juu kabisa inayoruhusiwa kuwa 16,000 ili kumlinda mlaji, yatahitajika madebe 420, yataletwa 220, na upungufu utakuwa 200. Hapo ndipo foleni na biashara ya mlango wa nyuma huanzia.

Kuna mtego ambao watunzi wa maswali wanaupenda. Serikali ikiweka bei ya juu kabisa kuwa 25,000 wakati bei ya soko ni 20,000, hakuna kinachotokea. Dari liko juu ya kichwa, halimgusi mtu. Usichore upungufu.

Unyumbufu unakokotolewaje, na kwa nini mimi na rafiki yangu tunapata majibu tofauti?

Unyumbufu wa mahitaji kwa bei ni asilimia ya badiliko la kiasi kugawanya kwa asilimia ya badiliko la bei. Kiasi kiko juu, bei iko chini.

Mama muuza nyanya wa Majengo anauza sado kwa 4,000 na kumaliza sado 120. Akipandisha hadi 5,000 anauza 105. Kiasi kimepungua 15 kati ya 120, yaani asilimia 12.5. Bei imepanda asilimia 25. Jibu ni −0.5, au 0.5 ukiacha alama ya kutoa. Rafiki yako ameanza na 5,000 kurudi 4,000: 15 kati ya 105 ni asilimia 14.3, na bei imeshuka asilimia 20, kwa hiyo kapata 0.71. Wote mko sawa. Nyanya zilezile na mnunuzi yuleyule, ila mmeanzia pointi tofauti. Njia ya wastani inamaliza ugomvi: 15 gawanya kwa 112.5, na 1,000 gawanya kwa 4,500, unapata 0.6 uende mbele au urudi nyuma. Swali lisipotaja njia, andika unayotumia.

Kisha fasiri. Namba ikiwa chini ya moja, mahitaji hayanyumbuki sana. Mapato ya mama yule yametoka 480,000 hadi 525,000 ingawa ameuza kidogo. Geuza sasa: mavuno yakiwa mengi mno na mahitaji hayanyumbuki, bei huanguka kwa kasi kuliko kiasi kinavyopanda, na wakulima wote kwa pamoja wanapata fedha kidogo kuliko mwaka wa mavuno haba. Swali la kwa nini neema ya shamba humtia mkulima umaskini limekuja kwa sura nyingi, na jibu lake ni hilo, likifuatana na mchoro.

Na unyumbufu wa ugavi? Zabibu zinaingiaje hapa?

Zabibu za Hombolo, Mpunguzi na Mvumi huvunwa mara mbili kwa mwaka, takriban Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Zikiiva zimeiva. Mkulima asiye na mahali pa kuhifadhia hawezi kusubiri bei nzuri, wala bei ikipanda leo hawezi kuleta nyingi zaidi kesho, kwa sababu mzabibu mpya hauzai msimu uleule unaopandwa. Ugavi wa muda mfupi karibu umesimama wima. Wa muda mrefu unanyumbuka: watu wanapanda mashamba mapya, vinajengwa viwanda vidogo vya mvinyo na mchuzi wa zabibu. Mtahini akikutaka utaje mambo yanayoamua unyumbufu wa ugavi, muda, uhifadhi na urahisi wa kubadili matumizi ya ardhi vinatosha, ukivieleza kwa mfano kama huu badala ya kuviorodhesha.

Lumbesa ina uhusiano gani na Uchumi?

Mkubwa. Bei siku zote ni bei ya kipimo. Gunia la kilo 100 likiuzwa 60,000, kilo ni 600. Likijazwa kichwa hadi kilo 130 kwa bei ileile, kilo imeshuka hadi takriban 462, na hakuna aliyetangaza kwamba bei imeshuka. Sheria ya vipimo inataka mfungashio usizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio unaosimamia. Ukiulizwa juu ya nguvu ya mnunuzi sokoni au taarifa zisizo sawa kati ya pande mbili, mkulima wa vitunguu wa Singida asiye na mizani ni mfano bora kuliko ule wa magari yaliyotumika unaonakiliwa kila mahali.

Gharama zinanichanganya: wastani, jumla, nyongeza. Zinahusianaje?

Tuchukue kinu cha kukamua alizeti. Pango la jengo na mlinzi ni 60,000 kwa siku, mashine ikizunguka isizunguke. Hiyo ni gharama isiyobadilika. Mbegu, umeme na vibarua hubadilika kufuata madumu. Namba zote ziko kwa maelfu ya shilingi:

| Madumu | Gharama jumla | Gharama ya nyongeza | Wastani wa jumla | Wastani wa zinazobadilika |
|---|---|---|---|---|
| 0 | 60 | – | – | – |
| 1 | 100 | 40 | 100 | 40 |
| 2 | 130 | 30 | 65 | 35 |
| 3 | 150 | 20 | 50 | 30 |
| 4 | 180 | 30 | 45 | 30 |
| 5 | 230 | 50 | 46 | 34 |
| 6 | 310 | 80 | 51.7 | 41.7 |
| 7 | 430 | 120 | 61.4 | 52.9 |

Angalia safu ya nyongeza, yaani gharama ya kuongeza dumu moja: inashuka hadi dumu la tatu, kisha inapanda. Kuanzia hapo sheria ya mavuno yanayopungua imeanza kazi. Kinu ni kimoja, vibarua wanaongezeka, wanaanza kugongana. Sheria hii ni ya muda mfupi, ambapo angalau kitu kimoja hakibadiliki. Ukiitumia kueleza kampuni iliyopanua kila kitu kwa pamoja, umehamia mada nyingine.

Angalia pia kwamba gharama ya nyongeza ikiwa chini ya wastani, wastani unashuka, ikiupita, unapanda. Ni kama alama zako: jaribio jipya likiwa chini ya wastani wako, linauvuta chini. Ndiyo maana kwenye mchoro mstari wa nyongeza hukata ule wa wastani pale chini kabisa. Ukichora makutano pengine popote, mtahini anajua umekariri.

Bei ya soko ikiwa 80, mwenye kinu azalishe madumu mangapi? Anaendelea hadi gharama ya nyongeza ilingane na bei, yaani dumu la sita. Mapato 480, gharama 310, faida 170. Dumu la saba linamgharimu 120 na linaleta 80 tu, faida inashuka hadi 130.

Bei ikianguka hadi 40, wengi wanaandika "afunge, anapata hasara". Hesabu kwanza. Akizalisha manne anapata 160 na gharama ni 180, hasara 20. Akifunga, pango na mlinzi bado wanadai 60. Hasara ya 20 ni nafuu kuliko ya 60, kwa hiyo kwa muda mfupi anaendelea. Anafunga pale bei inaposhuka chini ya kiwango cha chini kabisa cha wastani wa gharama zinazobadilika, hapa 30. Kwa muda mrefu ni habari nyingine: mkataba wa pango ukiisha na bei bado iko chini ya 45, anaondoka.

Pato la Taifa linapimwaje bila kuhesabu kitu mara mbili?

Kwa kuhesabu thamani iliyoongezwa kila hatua. Mkulima anauza zabibu za milioni 2 kwa kiwanda, kiwanda kinauza mvinyo wa milioni 5 kwa duka, duka linawauzia wateja kwa milioni 7. Ukijumlisha mauzo yote unapata 14, na umezihesabu zabibu zilezile mara tatu. Thamani iliyoongezwa ni 2, kisha 3, kisha 2: jumla 7, sawasawa na bei ya mwisho. Njia nyingine mbili, ya matumizi na ya kipato, zinapaswa kukupeleka palepale.

Tofautisha pia pato kwa bei za mwaka husika na pato halisi, yaani lililopimwa kwa bei za mwaka mmoja wa kulinganishia, unaoitwa mwaka wa kizio. Takwimu za Tanzania hutumia 2015 kuwa mwaka wa kizio. Kama pato kwa bei za sasa ni 210 na pato halisi ni 200, kipimo cha bei ni 210 gawanya kwa 200 mara 100, yaani 105. Pato la mtu mmoja mmoja nalo ni wastani tu. Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini Julai 2020, na wastani huo hauelezi lolote juu ya tofauti kati ya Area D na kijiji cha Bahi kilichokosa mvua. Hoja hiyo ndiyo inayotafutwa kwenye swali la mapungufu ya Pato la Taifa kama kipimo cha ustawi.

Taarifa inasema mfumuko wa bei umeshuka, mbona mchele haujashuka?

Kwa sababu kilichoshuka ni kasi ya kupanda. Gari likitoka spidi 80 hadi 40 bado linakwenda mbele. Fahirisi (namba inayoonyesha kiwango cha bei kwa jumla) ikitoka 112 hadi 115.7 ndani ya mwaka, mfumuko ni 3.7 gawanya kwa 112, yaani asilimia 3.3. Kosa la kawaida ni kuandika 3.7, kwamba tofauti ya fahirisi ndiyo asilimia. Ni hivyo pale tu fahirisi ya kwanza inapokuwa 100.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapa Dodoma, hupima kwa kapu la bidhaa na huduma ambamo kila kundi lina uzito wake. Kwenye kapu lenye kizio cha 2020, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Maana yake, vyakula vikipanda kwa asilimia 10 na vingine vyote visibadilike, kapu zima litapanda kwa takriban asilimia 2.8. Kaya inayotumia zaidi ya nusu ya kipato kwa unga na maharage itaona mfumuko mkali kuliko wa taarifa, wala si kwamba takwimu zimedanganya.

Benki Kuu inafanya nini hasa inapobadilisha riba?

Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania hutangaza Riba ya Benki Kuu, iliyoanza kwa asilimia 5.5. Kabla ya hapo ililenga zaidi kiasi cha fedha kwenye mzunguko. Madesa mengi bado yanafundisha mfumo wa zamani peke yake, yasahihishe. Mnyororo unakwenda hivi: riba hiyo ikipanda, benki zinakopeshana kwa gharama kubwa, mikopo kwa wateja huwa ghali, watu na makampuni wanakopa kidogo, matumizi yanapungua, na bei zinapoa baada ya miezi kadhaa. Andika kila pingili. Anayeruka kutoka "riba imepanda" hadi "mfumuko umeshuka" hupewa alama ya kutaja, si ya kueleza.

Kizidishi cha fedha ni rahisi: kama akiba ya lazima (sehemu ya amana ambayo benki haikopeshi) ni asilimia 10, kizidishi ni 1 gawanya kwa 0.1, yaani 10. Amana mpya ya milioni 1 inaweza kuzaa amana za jumla ya milioni 10. Inaweza, si lazima. Watu wakitunza fedha nyumbani au benki zikiogopa kukopesha, haifiki.

Nipe mfano halisi wa kodi inayopanda na kipato.

Kodi ya mshahara Tanzania Bara. Kipato kinachotozwa kodi hadi 270,000 kwa mwezi hakikatwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Hadi 760,000 ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya ziada. Hadi 1,000,000 ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya ziada. Zaidi ya hapo ni 128,000 pamoja na asilimia 30.

Mwenye 400,000 analipa 10,400, sawa na asilimia 2.6 ya kipato chake. Mwenye 900,000 analipa 68,000 kuongeza asilimia 25 ya 140,000, jumla 103,000, sawa na asilimia 11.4. Wapo wanaoamini kwamba ukipandishwa daraja la kodi unarudi nyumbani na kidogo kuliko mwanzo. Jaribu: mshahara ukitoka 760,000 hadi 770,000, kodi inatoka 68,000 hadi 70,500. Umeongezewa 10,000, umekatwa 2,500.

Kuhusu VAT ya kawaida ya asilimia 18, bidhaa ya 11,800 ikiwa na VAT ndani yake, kodi ni 1,800. Gawanya kwa 1.18 kwanza. Anayechukua asilimia 18 ya 11,800 anapata 2,124, na hiyo ni kodi juu ya kodi.

Faida linganishi kwa maneno machache?

Ekari ya Kongwa inatoa magunia 10 ya mahindi au 20 ya vitunguu. Ekari ya Singida 8 ya mahindi au 32 ya vitunguu. Gunia la mahindi linaigharimu Kongwa magunia 2 ya vitunguu yaliyoachwa, Singida 4. Basi Kongwa ilime mahindi na Singida vitunguu. Wakibadilishana kwa kiwango chochote kati ya 2 na 4, kila upande unapata nafuu. Wanafunzi hukosea kwa kulinganisha 10 na 8 moja kwa moja. Linganisha kilichoachwa.

Takwimu za kuweka kwenye insha nizitoe wapi?

Chache, sahihi, zenye mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini na 3,085,625 mkoani Dodoma. Ongezeko la taifa lilikuwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na ukigawanya 70 kwa 3.2 unapata kwamba idadi inaweza kuwa maradufu ndani ya takriban miaka 22. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na bajeti husomwa bungeni mwezi Juni, kwa hiyo isikilize mwenyewe ukiwa na kalamu. Kwenye mada ya mipango, taja Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 iliyozinduliwa Julai 2025. Insha inayoishia kwenye Dira 2025 imepitwa na wakati.

Mtihani uko kwa Kiingereza. Kusoma kwa Kiswahili kutanisaidia?

Kutakusaidia kuelewa, hakutakusaidia kuandika. Elewa kwa Kiswahili, kisha siku ileile andika maelezo yaleyale kwa Kiingereza bila kuangalia kitabu. Ukikwama, mara nyingi umekosa kiunganishi cha kusema "kwa hiyo" na "isipokuwa", istilahi unazo. Majibu mengi dhaifu ni hoja sita zenye sentensi moja moja zisizo na sababu ndani yake.

Muda niugawe vipi?

Dakika 180 kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama. Swali la alama 20 lina dakika 36, pamoja na kulisoma na kupanga hoja. Anza na la hesabu kama uko vizuri, kwa kuwa linaisha na unajua limeisha. Insha haina mwisho hadi ujikate mwenyewe. Dakika 36 zikifika, acha mistari mitatu na uhamie swali linalofuata.

Nikimaliza, naweza kusoma nini hapa Dodoma?

Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kampasi ya Dodoma na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini ni vya karibu, na vyote vina kozi zinazogusa uchumi, biashara au mipango. Soma sifa za kujiunga kwenye mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka unaoomba, kozi kwa kozi. Baadhi ya kozi za uchumi zinadai ufaulu wa hisabati, na aliyepata B ya Uchumi huku amefeli Hisabati Tumizi anaweza kukuta mlango umefungwa. Kumbuka C ni kuanzia alama 60, D 50, E 40.